Vitabu Vilivyohama: Maktaba ya Juba na Ilimu ya Jamii

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Juba aliyekusudia kuandika tasnifu yake juu ya mahari ya ng'ombe, jambo alilolisikia likijadiliwa na wazee tangu utotoni, na ambalo pengine ndilo lililomkawiza yeye mwenyewe kuoa, hana budi kufanya kama wafanyavyo wanafunzi wa ilimu ya jamii kila mahali: aingie maktabani, atazame katalogi, awatafute waliomtangulia kuliandika. Hapo ndipo akutanapo na ajabu. Waliomtangulia ni wengi, kwani ni kaumu chache mno za Afrika zilizoandikwa kwa wingi na kwa ustadi kama Wanuer, Wadinka na Wazande. Ila maandishi yenyewe, aghalabu, yalizaliwa kando ya Nili yakalelewa ugenini, na mtu wa Juba aliyetaka kuyasoma ilimbidi ayafuate yaliko, kama mtu amfuataye ng'ombe wake aliyeswagwa na jirani. Masafa hayo, baina ya watu na yaliyoandikwa juu yao, ndiyo nitakayo kuyasimulia, maana kwa muda wa karne moja na nusu na zaidi yamekuwa yakirefuka na kufupika kwa kadiri ya vita na amani.

Yalianza kabla Juba haijawa mji. Upande wa mashariki wa mto, ambao katika sehemu hizo huitwa Bahr el-Jebel, palikuwa na kituo cha Gondokoro, na hapo, mwaka 1853, mapadri waliotoka katika dola ya Austria, wakiongozwa na Ignaz Knoblecher, walijenga misheni katikati ya nchi ya Wabari. Homa iliwapukutisha, biashara ya watumwa na ya pembe ikaichafua nchi, na baada ya miaka michache waliosalia wakaondoka. Lakini daftari zao hazikupotea. Mwaka 1861 Anton Kaufmann, mmoja wa mapadri hao, alipiga chapa kitabu juu ya nchi ya Mto Mweupe na wakazi wake. Na mwaka 1867 Johannes Mitterrutzner akatoa sarufi na kamusi ya Kibari, kazi aliyoikamilisha kwa maandishi yaliyoletwa na wamisionari na kwa ulimi wa kijana wa Kibari, Logwit lo Ladu, aliyefika mpaka Ulaya. Vitabu vyote viwili vilitoka Brixen, mji mdogo uliolala kati ya milima ya Alps. Basi mtu aliyetaka wakati ule kusoma habari za Wabari angewaacha Wabari wenyewe, ateremke Nili yote mpaka baharini, avuke Mediterania, kisha apande kwenye theluji. Namfikiria kijana Logwit akiketi mbele ya mwalimu wake katika nchi ya baridi, akitamka neno moja moja la nyumbani, jina la ng'ombe, jina la mvua, jina la shangazi, ili litiwe katika herufi. Na kwa hesabu yangu yeye ni miongoni mwa watu wa mwanzo wa pande za Juba waliofanya kazi ya utafiti, ingawa jalada la kitabu lilibeba jina la mwingine.

Ilimu yenyewe ilikuwa bado changa kwa jina, si kwa asili. Wasomi wa Kiislamu watakumbuka kwamba Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, alikwisha kudai kwamba makundi ya wanadamu, kushikamana kwao kwa asabiya na kudhoofika kwao kwa anasa, yana kanuni ziwezazo kuchunguzwa. Ndipo Mfaransa Auguste Comte, katika miaka ya 1830, akaja kuipa ilimu hiyo jina la sosholojia. Ulaya ikaigawa mafungu mawili. Jamii zenye viwanda zikapewa sosholojia, na jamii zenye mifugo na mikuki zikapewa anthropolojia, na mgawanyo huo ukaingia hata katika mbao za rafu. Mpango wa nambari alioutoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ambao maktaba nyingi mno duniani zimeufuata, uliiweka sosholojia katika mia tatu, pamoja na siasa, uchumi na sheria. Lakini habari za kaumu na mbari za watu, katika matoleo ya zamani, zilikaa penye 572, ndani ya sayansi za viumbe, si mbali na mimea iliyo 580 na wanyama walio 590. Kwa hiyo ndoa ya Mwingereza ingeweza kuwekwa rafu moja na bunge lake, na ndoa ya Mdinka ikawekwa jirani ya twiga. Mpango umekwisha kurekebishwa, na siku hizi nambari ile ni ya kemia ya viumbe. Walakini vitabu vya kale katika maktaba za kale hubaki na vibandiko vyake vya kale, na mtafutaji asiyejua siri hii hurudi nyumbani akisema kitabu hakipo, ilhali kipo chumba cha pili.

Juba ilikuwa kijiji cha Wabari mpaka miaka ya 1920, serikali ya Waingereza na Wamisri ilipoichagua iwe makao ya jimbo badala ya Mongalla. Utawala huo ulikuwa na haja ya kuwajua watu wake, kwa sababu zile zile zimfanyazo mwenye shamba kuhesabu miti. C. G. Seligman na mkewe Brenda, waliofika Sudan mara ya kwanza mwaka 1909, walitoa mwaka 1932 juzuu nene juu ya watu wa Nili. Na mwanafunzi wao, E. E. Evans-Pritchard, aliyeanza kazi kwa Wazande mwaka 1926, akaenda kwa Wanuer mwaka 1930, kwa ombi la serikali na kwa fedha za serikali.

Hapa yafaa kwenda polepole. Muda mfupi kabla ya safari hiyo ndege za Waingereza zilikuwa zimetupa mabomu katika nchi ya Wanuer wa Lou ili kumtiisha Guek, mwana wa nabii Ngundeng, na kuipiga ile kuba ya udongo aliyoijenga baba yake. Mwaka 1929 Guek akauawa. Vidonda vilikuwa vibichi. Asubuhi moja, mtafiti akiwa kambini, askari wa serikali walikuja wakaizingira kambi ile alfajiri, wakiwasaka manabii, wakaondoka na mateka. Habari hii hakuificha. Ameitia mwenyewe katika utangulizi wa kitabu chake juu ya Wanuer kilichotoka mwaka 1940, kama alivyotia humo mazungumzo yake na mtu mmoja aliyemzungusha kwa maswali juu ya maswali, asimtajie hata jina la ukoo wake. Wanafunzi wa Oxford wamecheka kwa mazungumzo hayo kizazi baada ya kizazi. Msomaji wa Juba naye hucheka, ila kicheko chake kina chumvi nyingine, maana yeye ajua kwa nini mtu humficha jina la ukoo mgeni aliyekuja nyuma ya bunduki.

Ndiyo maana nimekuwa nikishikilia kwamba vitabu hivi visomwe kuanzia kurasa zile ambazo wanafunzi huziruka, za shukrani na utangulizi, kwani humo ndimo mna jina la aliyelipa, na miezi aliyokaa mtafiti, na lugha aliyoijua au asiyoijua. Evans-Pritchard alikaa na Wanuer takriban mwaka mmoja, tena kwa vipande, akiandamwa na maradhi. Kwa mwaka mmoja huo alitoa vitabu vitatu ambavyo hakuna mwanafunzi wa ilimu hii awezaye kuvikwepa: hicho cha 1940, cha ndoa na udugu cha 1951, na cha dini cha 1956. Mwenye insaf hukiri ukubwa wa kazi hiyo, na haoni haya kuuliza pia ni mangapi yangeonekana iwapo mwaka mmoja ungalikuwa mitano, na iwapo waliohojiwa wasingalikuwa wameshindwa vitani juzi.

Kwa mwanafunzi wetu wa mahari, kitabu cha 1951 ndicho mlango. Humo hesabu ya kanuni ni ng'ombe arubaini, wagawanywao kati ya upande wa baba wa bibi arusi na upande wa mama yake, kila jamaa kwa haki yake, hata anayesoma huona kwamba mahari ni ramani ya udugu iliyochorwa kwa mifugo. Miaka mitatu baadaye, 1954, Paul Howell, aliyekuwa mtawala wa wilaya kabla ya kuwa msomi, akatoa kitabu cha sheria za Wanuer, ambacho kwa macho ya mwanafunzi ni bora kuliko vyote kwa sababu kimejaa kesi: nani alimdai nani, ng'ombe wangapi, na baraza la machifu lilikata vipi. Lakini sheria iliyoandikwa na mtawala hugeuka taratibu ikawa sheria ya kutawalia, na yaliyokuwa yakibishaniwa chini ya mti yakaanza kusomwa kutoka kitabuni.

Nchi yenyewe, wakati Evans-Pritchard alipokuwa akitafiti, ilikuwa imefungwa. Kwa amri ya wilaya zilizofungwa ya mwaka 1922, Kusini ilitengwa na Kaskazini, na shule zikaachiwa misheni. Mwaka 1928 wakuu wa serikali na wa misheni walikutana Rejaf, kusini kidogo ya Juba, pamoja na mtaalamu wa lugha wa Kijerumani, Diedrich Westermann, wakachagua lugha chache, zikiwamo Kidinka, Kibari, Kinuer, Kishiluk, Kilotuko na Kizande, ziandikiwe vitabu vya shule. Hivyo mtoto wa Kusini alisoma kwa lugha yake hadithi na mafunzo ya dini. Habari za baba yake kwa upande wa taaluma zilichapishwa kwa Kiingereza, mbali, Khartoum, katika jarida la Sudan Notes and Records lililoanza mwaka 1918, ambamo maafisa wa wilaya waliandika juu ya mila, uwindaji na magofu walipopata wasaa. Jarida hilo ni hazina. Waliokuwa wakisomwa ndani yake hawakuwa wasomaji wake.

Mapadri wa Verona walishika njia nyingine, ya kuishi pale pale miaka thelathini au arubaini na kuandika mzigo mzima wa tarikhi za koo, kama walivyofanya Crazzolara kwa Waluo na Santandrea kwa watu wa Bahr el-Ghazal. Mwaka 1964 serikali ya kijeshi ya Jenerali Abboud huko Khartoum iliwafukuza wamisionari wa kigeni wote katika Kusini, na pamoja nao wakaondoka watu waliojua ni kabati gani lina karatasi gani. Masafa yakarefuka tena. Vita vya kwanza, vilivyochipuka Torit mwezi Agosti 1955, vilikwisha kuifanya barabara ya wilayani kuwa njia ya askari, na kijana wa Kusini aliyetaka kusoma alivuka mpaka kwenda Uganda, Kongo, Kenya au Tanganyika.

Huko Afrika ya Mashariki alikuta milango ambayo kwao haikuwapo. Makerere ilikuwa na taasisi ya utafiti wa jamii tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, iliyopata umashuhuri chini ya Audrey Richards. Na ni kutoka pande hizi ndipo yalipotoka majibu makali kwa anthropolojia. Okot p'Bitek, mwana wa Gulu, ambaye Waacholi wenziwe wako pande zote mbili za mpaka, alifika Oxford mwaka 1960 kusoma ilimu hiyo hiyo, na tangu darasa la kwanza akamsikia mwalimu akiwaita Waafrika kwa majina ya ushenzi. Alinung'unika, hakusikizwa, na miaka kumi baadaye akalipa deni kwa kitabu juu ya dini za Afrika katika maandishi ya Wazungu, kitabu kidogo chenye meno. Taban lo Liyong, ambaye asili ya wazazi wake ni Kajo-Keji na malezi yake ni Uganda, alikuwa mmoja wa watatu walioutikisa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968, pamoja na Ngugi wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba, walipotaka idara ya Kiingereza iondolewe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati; baadaye akaja kufundisha Juba. Na kijana mmoja wa Kidinka, John Garang, aliyehitimu Grinnell huko Marekani mwaka 1969, alikuja kufanya utafiti Dar es Salaam, wakati Mlimani, penye chuo kikuu cha huko, palipokuwa pakichemka kwa mijadala, na Yoweri Museveni akiwa mwanafunzi hapo.

Chuo Kikuu cha Juba ni mtoto wa amani. Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yalivinyamazisha vita vya miaka kumi na saba na kuipa Kusini serikali yake ya ndani, chini ya Abel Alier. Chuo kikatangazwa mwaka 1975, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1977. Kilifundisha kwa Kiingereza, kikawa na kitivo cha masomo ya jamii na uchumi, pamoja na elimu, maliasili na, baadaye kidogo, udaktari. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusoma kitabu juu ya Wabari akiwa katika nchi ya Wabari, na akitoka nje ya maktaba jua likiwa kali akamwuliza mama anayeuza chai kama ni kweli. Hilo laonekana dogo. Lakini ilimu yoyote ya jamii isiyoweza kusahihishwa na muuza chai ni ilimu pungufu, na hiyo ndiyo nafasi ambayo Brixen na Oxford, pamoja na utajiri wao wote, hazikuwa nayo.

Miaka hiyo hiyo serikali ya Kusini ilianza kukusanya majalada ya zamani ya wilaya na majimbo, barua za maafisa, hesabu za kodi, kesi za machifu, yaletwe Juba yawe hifadhi moja. Na mwanahistoria Mmarekani Douglas Johnson, ambaye baadaye aliandika juu ya manabii wa Kinuer, alifanya kazi katika hifadhi hiyo kuanzia mwaka 1980 hata 1983. Kwa mtafiti, jalada la wilaya hutimiza lile lisilotimizwa na kitabu. Kitabu husema Wanuer hutoa ng'ombe arubaini. Jalada husema mtu fulani, mwaka fulani, mvua ikiwa imekosekana, alitoa kumi na wanane akaahidi waliobaki, na kesi ingali haijesha.

Kama kuna mtu aliyedhani kwamba utafiti wa jamii ni kazi ya kupitisha wakati, habari za Jonglei zingemtoa katika dhana hiyo. Waingereza walikuwa wamefikiri tangu zamani kuchimba mfereji wa kuyapitisha maji ya Nili kando ya kinamasi cha Sudd ili yafike Kaskazini na Misri bila kupotea kwa jua. Kikosi cha wachunguzi kilichoongozwa na Howell, huyo huyo wa kitabu cha sheria, kikatoa mwaka 1954 ripoti ya juzuu kadhaa, iliyopima nyasi, samaki, ng'ombe na mienendo ya watu waliofuata maji yakijaa na kukauka. Mfereji ukaanza kuchimbwa mwaka 1978. Garang, ambaye sasa alikuwa ofisa wa jeshi, alirudi Marekani kusoma, na mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha Iowa State, akapata udaktari wa falsafa kwa tasnifu juu ya maendeleo ya wakulima na wafugaji katika eneo hilo la mradi. Mwaka 1983 akawa kiongozi wa uasi. Mwaka uliofuata wapiganaji wake waliwashambulia wachimbaji, na mtambo mkubwa wa kuchimbia ukasimama ukiwa umekwisha kufika takriban kilomita 260 kati ya 360. Umesimama hapo mpaka leo, ukiota kutu katika nyasi. Sijui tasnifu nyingine ya ilimu ya jamii ambayo mwandishi wake aliifuatia kwa namna hiyo.

Vita vya pili vilikuwa virefu kuliko vya kwanza. Juba ikawa ngome ya serikali iliyozingirwa, chakula kikaja kwa ndege, na mwaka 1989 chuo kikuu kikahamishwa, walimu na wanafunzi, kwenda Khartoum. Kilibaki na jina la Juba kikiwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Juba. Mtu aweza kucheka, lakini mwanafunzi wa Kusini aliyesoma sosholojia huko, katika miaka ambayo serikali mpya ya Omar al-Bashir ilikuwa ikigeuza mafundisho ya vyuo kuwa Kiarabu, alikuwa amezungukwa na mamia ya maelfu ya watu wa nyumbani kwao waliokimbia vita na kuishi katika vibanda pembezoni mwa mji. Wengi wa wale ambao vitabu viliwaeleza wakichunga kando ya mto Sobat walikuwa sasa wakifyatua matofali na kufua nguo Khartoum. Kuna aliyejaribu kuwafuata kwa kalamu: Sharon Hutchinson, aliyekuwa ameanza kazi kwa Wanuer mwanzoni mwa miaka ya 1980, alirudi vita vikiendelea, na kitabu chake cha mwaka 1996 kinaonyesha namna fedha ilivyoingia zizini bila kulishinda zizi, hata watu wakatofautisha ng'ombe waliopatikana kwa fedha na ng'ombe waliopatikana kwa mahari ya mabinti, na kwamba wa kwanza mtu huwa na uhuru nao ambao kwa wa pili hana, kwani hao wana jamaa nyuma yao. Mwanafunzi wetu atakapofika hapa katika kusoma kwake, ataona kwamba arubaini ya 1951 si hesabu tena, imekuwa mazungumzo.

Na majalada? Hayo yalibaki, na bahati yao ilikuwa mbaya. Yalirundikwa chini ya jengo la shule, na amani ilipokuja mwaka 2005 yakahamishiwa katika hema kubwa, ambamo joto, mvua na mchwa vilikuwa wasomaji wao wa kila siku, mpaka wizara ya utamaduni pamoja na Rift Valley Institute walipoanza kuyapangusa vumbi, kuyapanga, kuyaorodhesha na kuyapiga picha, yakapata makao katika nyumba mtaani Munuki. Kazi ya namna hiyo haina shangwe. Mtu huketi siku nzima na brashi, akiitenganisha karatasi na karatasi iliyogandamana nayo, asome kichwa cha habari, atie nambari, achukue nyingine. Shangwe ilikuwa kwa fimbo: mwaka 2009 dang ya Ngundeng, fimbo takatifu iliyochukuliwa na Waingereza baada ya kuuawa Guek, ilirejeshwa Juba na Johnson, na watu wakaipokea uwanjani kwa nyimbo na machozi. Sikuzote nimeona kwamba jalada lililoandikwa na afisa aliyemwinda Guek nalo lilistahili kupokewa kwa ngoma, walau ngoma ndogo.

Chuo nacho kilirudi kidogo kidogo baada ya amani, na uhuru wa Julai 2011 ukakifunga mlango wa Khartoum. Desemba 2013 vita vikazuka ndani ya Juba yenyewe, vikarudi Julai 2016, na maktaba yoyote katika hali hiyo huendeshwa kwa subira: umeme wa jenereta, nakala moja ya kitabu kwa darasa zima, kurasa zinazopigwa picha kwa simu na kupelekwa kwa wenzio kabla betri haijakata. Katika vyumba hivyo Kiswahili si kigeni. Yuko mwanafunzi aliyesoma Kakuma, kambi iliyofunguliwa Turkana mwaka 1992, ambaye kwake Kiswahili ni lugha ya ujana. Yuko aliyetoka Arua au Kampala. Na tangu nchi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, wengi wamekuwa wakitazama zaidi upande wa kusini, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, wanapotafuta kitabu ambacho hakipo. Upande wa kaskazini umezidi kuwa mbali. Vita vilivyoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 havikuziacha maktaba. Mwezi wa pili wake iliteketea Omdurman maktaba ya kituo cha masomo ya Sudan chenye jina la Mohamed Omer Beshir, katika chuo kikuu cha Ahlia. Beshir alikuwa katibu wa mkutano wa meza ya duara wa 1965, na mwaka 1968 aliandika kitabu juu ya asili ya mgogoro wa Kusini, mmoja wa watu wachache wa Kaskazini waliofanya bidii kuuelewa kwa nyaraka. Ni karatasi ngapi juu ya watu wa Kusini ziliungua humo, msomaji wa Juba hana haja ya kukadiria ili aone uchungu. Zilizosalia mbali zaidi ndizo zilizo salama zaidi: hifadhi ya Sudan iliyoanzishwa Durham, Uingereza, mwaka 1957, ambako maafisa wastaafu na jamaa zao walipeleka barua na picha, imekaa bila moshi, na sehemu yake sasa husomeka kwa intaneti.

Basi mwanafunzi wetu wa mahari huanza kwa Evans-Pritchard na Howell, akavuka kwa Hutchinson, akamsoma Francis Deng, mwana wa chifu wa Wadinka wa Ngok, aliyeandika juu ya Wadinka akiwa mwenyewe ni Mdinka na mwanasheria, akayasikiliza maneno ya machifu aliyoyakusanya. Kisha akaenda Munuki akaomba majalada ya kesi. Kisha akafunga daftari, akaketi siku kadhaa katika mahakama ya mila hapo mjini, akahesabu ng'ombe wanaotajwa kwa midomo na fedha zinazotolewa kwa mikono. Katika kuandika atakuta machifu hawaafikiani na kitabu, na kitabu hakiafikiani na jalada, na shangazi yake haafikiani na wote. Msimamizi wake atamwambia aandike yote, na kila neno alitaje lilikotoka.

Orodha ya vitabu vyake, atakapoipanga mwishoni kwa alfabeti kama ilivyo desturi, itakuwa na safu nyembamba ya mahali palipochapishwa kila kimoja: Brixen, Oxford, London, Khartoum, Nairobi, Oxford tena, Berkeley. Tasnifu yake itapigwa chapa katika duka la fotokopi, itiwe jalada gumu, na nakala moja ipelekwe kwa mkutubi. Na kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya jina lake na jina la baba yake na babu yake, patasomeka Juba, na mwaka.